Makande Hayasongwi

Jana mchana niliota, nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, mgongo ukutani, sweta mbili mwilini na kofia ya sufu hadi masikioni. Nawaambia mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Mimi ni mpishi. Miaka kumi na mmoja nimepikia kambi za wajenzi wa barabara, watu wenye njaa ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha sahani yangu ikiwa na kitu.

Mpaka alipokuja mama mkwe.

Alikuja kwetu huku Makete mwezi wa saba, mwezi ambao hata jogoo huwika akitetemeka, kuja kutibiwa kifua. Zahanati wakampa vidonge na sharti moja: avimeze akiwa amekula, tumbo tupu marufuku. Kesho yake mke wangu Edina akaitwa semina Iringa. Tukabaki wawili nyumbani, mimi jikoni, yeye chumba cha wageni, na kati yetu mwiko wa ukoo wao. Kwao mama mkwe hali chakula alichopika mkwe wa kiume. Wala hamtaji jina. Mwaka wa tisa sasa tangu nioe, na kwake mimi bado ni "huyo".

Nikasema moyoni, thubutu! Mwiko gani huo wa kunishinda mimi? Jumatatu nikapika pilau. Ikarudi. Jumanne wali wa nazi na kuku wa kienyeji. Ukarudi. Jumatano ugali na maini. Ukarudi umefunikwa vizuri kwa kitambaa, na nyuma ya mlango nikasikia sauti ikisema na paka wetu: "Paka, mwambie huyo nimeshiba chai."

Vidonge vilikuwa dirishani, havijaguswa. Kikohozi chake nilikuwa nakisikia hadi kwenye viazi vyangu nyuma ya nyumba. Niliogopa, sifichi. Edina angerudi Ijumaa, na ningemwambia nini? Kwamba mama yake kazimika nyumbani kwa mpishi?

Alhamisi ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Nikainjika makande yangu mwenyewe, maana mtu mwenye mawazo hajipikii pilau. Nikakaa nijiulize mgonjwa nimpikie nini tena. Usingizi ukanikuta katikati ya swali hilo.

Nafungua macho na jiko langu limekuwa zahanati.

Benchi limepangwa pembeni ya ukuta, na juu ya benchi wamekaa vyakula, kila kimoja na sweta yake, kila kimoja na kadi ya namba mkononi. Mimi nimevaa koti jeupe. Nalitambua, ni aproni yangu. Sishangai hata kidogo. Nasema, "Anayefuata!"

Inaingia pilau. Harufu yake imeingia kabla.

"Jina?"

"Pilau."

"Kazi?"

"Harusi. Maulidi. Krismasi pia naitwa."

"Nina mgonjwa ana baridi ya kifua. Umewahi kumpasha mtu joto?"

"Mimi huwapasha watu habari."

"Habari gani?"

"Kwamba mwenye nyumba ana uwezo," inajibu pilau, na kujitazama kwenye kioo cha mlangoni.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," naiambia. "Kaa nje." Inatoka ikilia, machozi yanadondoka punje punje za iliki.

Unakuja uji. Umesubiri sana mpaka umefanya utando usoni.

"Wewe ndiye wa wagonjwa," nasema kwa furaha. "Mbona hukutangulia?"

"Mgonjwa mwenyewe anajua kuwa anaumwa?"

"Anakataa."

"Basi hatanitaka," unasema uji kwa huzuni. "Mimi nikiingia chumbani kwa mtu mzima, anajua hali yake si nzuri. Nimewaliza wengi hivyo, na nia yangu ilikuwa njema."

Naupa pole, naushika bega, mkono unazama.

Kisha ugali. Unakaa kabla hujakaribishwa, mpana, unafuka moshi. "Mimi nipo tayari," unasema. "Lakini siendi popote bila bosi wangu."

"Bosi wako nani?"

Unaonyesha ukutani. Pale ukutani, kwenye msumari, mwiko wangu wa kusongea unakohoa kidogo kama mwenyekiti anayetaka kufungua kikao.

"Hakuna kinachoingia chumba kile," unasema mwiko.

"Wewe nyamaza, wewe ni mwiko tu."

"Ndiyo hivyo. Mimi ni mwiko."

"Nimekununua mwenyewe mnadani!"

"Ulinunua mti. Mkeo alipoolewa akaja na lile neno la kwao. Nyumba yenu ndogo, tukapangiwa msumari mmoja."

"Kwa hiyo wewe ni wa kusongea au wa kukataza?"

"Asubuhi nasonga, mchana nakataza. Ajira ni ile ile."

Hasira zinanipanda. Mimi, Kastori Sanga, nizuiwe na kipande cha mti jikoni mwangu? Naushika mpini na kusema, "Nitakuvunja!"

Benchi zima linasema, "Haaa!" Viazi vinaziba macho, na kwa kuwa kila kiazi kina macho mengi, shughuli hiyo inachukua muda. Tunavisubiri vimalize.

"Avunjaye mwiko hana paa," unasema mwiko kwa upole.

Naupinda kidogo tu, wa kujaribu. Papo hapo bati la kwanza linang'oka, linashuka, linajikung'uta vumbi na kuondoka kwa miguu kuelekea Njombe. La pili linafuata. Yanapanga foleni vizuri, hayasukumani. Ukungu unaingia kwa juu, unafuta miguu mlangoni, unaniuliza kama chai ipo. Na kila mama mkwe akikohoa, kikohozi kinatoka chini ya mlango wake, kinanitazama, kinatikisa kichwa, kinarudi ndani.

"Basi, basi!" napiga kelele. Nauachia mwiko. Mabati yanarudi. La mwisho linanung'unika kwamba lilikuwa limeshafika njia panda.

Nakaa chini. Mara ya kwanza maishani sina la kupika. Hilo linaniuma kuliko baridi.

"Unabishana na mti," inasema sauti ndogo.

Mwisho wa benchi kuna haragwe jekundu. Limekaa limekunja nne. Halina kadi.

"Wewe mbona hukuchukua namba?"

"Namba ya nini? Sikuja kuomba kazi. Nimo kwenye sufuria yako tangu saa nne asubuhi. Nimetoka kidogo kupunga upepo."

"Ala! Wewe ni makande yangu?"

"Sehemu yake."

"Samahani," nasema, "lakini makande nimpe mama mkwe? Mgeni wa heshima? Watu watanionaje?"

"Umemuuliza anapenda nini?"

"Anayeulizwa ni paka."

Haragwe linacheka mpaka ganda linataka kuachia. Kisha linasema taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Sikiliza, fundi. Hawa wote uliowaita wanasongwa, wanakorogwa, wanageuzwa. Lazima wapite mkononi mwa bosi. Sisi nani kakwambia tunasongwa? Makande hayasongwi. Unatia maji, unawasha moto, unakwenda zako kulima. Tunaiva wenyewe."

Mwiko unaruka juu ya msumari. "Na mpishi je? Kila chakula kina mpishi! Mpishi wenu nani?"

"Mpishi wa makande ni aliyetia chumvi," linajibu haragwe. "Kabla ya chumvi, mahindi na maharage wanaoga tu."

Wote wananigeukia. Ugali umeacha kufuka moshi. "Umetia chumvi?" unauliza mwiko.

Hapo najibu kwa kifua mbele, kwa sababu hili nalijua hata nikiwa usingizini. "Chumvi ya makande hutiwa mwisho. Ukiwahi kuitia, maharage yanakaza roho. Sijatia."

"Asante," linasema haragwe. "Ni kweli, tunakaza."

"Basi hayana mpishi bado," nasema.

"Sina kesi," unasema mwiko, na kugeuza uso ukutani.

"Twende nyumbani," linasema haragwe, na kunishika mkono. Limekuwa kubwa kama ndama sasa. Mkono wake umetoka wapi, siulizi. Tunapanda ukingo wa sufuria, tunashuka kama watu wanaoshuka mtoni kuoga, na nimo ndani.

Jamani, joto! Wiki nzima sijapata joto kama lile. Mahindi yanaelea yamelala chali, yananisalimu. "Habari za huko nje?"

"Baridi."

"Pole. Jisikie nyumbani."

Nami nikajisikia nyumbani, na hilo ndilo lililoniponza. Nilimkumbuka mama yangu mzazi. Habari ya kifo chake ilinikuta kambini, nimeshika upawa, wanaume arobaini wamepanga mstari na sahani zao. Nikawapakulia wote kwanza, ndipo nikakaa. Nimepikia dunia nzima, na mama yangu hakuwahi kula hata kijiko kimoja kilichotoka mkononi mwangu. Machozi yanakuja.

"Kastori!" linapiga kelele haragwe. "Usilie humu! Chozi lina chumvi! Likidondoka moja tu, mpishi ni wewe, na mama mkwe hatakula!"

Sufuria nzima inashikwa na hofu. Mahindi yananipepea. Mengine yananiimbia wimbo wa shule ya Jumapili, kwa sauti mbaya kabisa. Navua kofia ya sufu, naikandamiza machoni, nabana meno, navuta pumzi. Chozi limefika kwenye ncha ya pua. Linaning'inia pale. Natazama juu, chozi linarudi nyuma kidogo, linasita.

"Kaza moyo, fundi," linanong'ona haragwe. "Analia aliyekosa. Wewe bado hujakosa. Mama yupo, yuko chumba cha pili, ana njaa."

Nameza mate. Chozi nalo nalifuta kwa kofia. Halikudondoka, nawaapia.

Hapo mfuniko unafunguka.

Mwanga unaingia, na kwenye mwanga huo uso wa mama mkwe, mkubwa kama uwanja wa mpira, na kitambaa chake cha kichwani, na makunyanzi yote ambayo kwa adabu sikuwahi kuyaangalia. Ananusa. Anafumba macho. Ananusa tena. Uso unalegea kama wa mtu aliyeitwa na mtu wa kwao.

"Makande," anasema. "Siku tatu ananiletea vya harusini, kumbe anajua kuchemsha makande."

Kisha ananiona.

"Kastori," anasema.

Miaka tisa nimelisubiri jina hilo kutoka kinywa hicho. Nabaki nimeachama, maji ya moto yananifika kidevuni, mwili wote umelegea kwa raha. Sijui nimtazame au niiname.

"Kastori, sogea. Nachanganya."

Sisogei. Naapa nilimsikia, ila furaha ilikuwa imenipigilia pale pale. Anamwaga chumvi, inashuka juu yetu kama mvua ya mawe, haragwe linaniaga kwa mkono, na upawa unakuja, mpana kama mlango wa kanisa, unanizoa ubavuni.

Nikaamka.

Nilikuwa sakafuni, kigoda kimepinduka. Jiko ni jiko langu. Ukungu uko nje, mahali pake. Kwenye mkeka karibu na moto alikuwa amekaa mama mkwe, amenipa mgongo, bakuli la makande mapajani. Alikuwa anakula. Hakuwa anaonja, alikuwa anakula, kwa kijiko kikubwa, mabega yanapanda na kushuka. Pembeni yake pakiti ya vidonge ilikuwa wazi na viwili havimo.

Niliogopa hata kupumua. Nikajikusanya polepole, nikakaa kitako, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kuni zikapasuka. Akachota tena kutoka kwenye sufuria, akajaza mpaka juu.

"Chumvi nimetia mimi," akasema bila kugeuka. "Kwa hiyo nimepika mimi. Watu wasije wakasema vingine."

"Hakuna atakayesema, mama. Umepika wewe."

"Edina akiuliza?"

"Nitamwambia mama yake ndiye aliyepika."

Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kutafuna. Machozi yakanitoka sasa, yote, ya kambini na ya siku hiyo, nikayaacha yadondoke maana nilikuwa mbali na sufuria. Nilidhani hanioni.

Akaweka bakuli chini. Akageuka mzima mzima, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, kijiko bado mkononi.

"Na wewe Kastori," akasema, "siku nyingine nikikwambia sogea, sogea."