Makopa Juu ya Sola

Gugu maji lilikuwa limelimeza bwawa letu la Kinjumbi, na mimi niliapa kwamba sisi kinamama tutalimeza gugu lenyewe. Watu walicheka. Mzee Bashiru, mwenyekiti wa kijiji, alicheka kuliko wote.

"Mashine ya kula majani, Hamida? Na haitaki hata petroli?"

Haitaki. Ilikuwa mashine ya sola ya kukatakata, tuliyoazimwa na mradi wa kusafisha mabwawa. Kazi yetu ilikuwa kuvuta gugu, kulikata, kulilundika mpaka liive kuwa mboji. Lakini mradi ungekuja kuikagua, na kama haifanyi kazi, inahamia kijiji kingine. Jaruba langu la mpunga, pale ukingoni mwa bwawa, lilikuwa chini ya gugu lile. Mashine ikiondoka, jaruba nalo ndiyo basi tena.

Siku ya ukaguzi jua liliwaka la utosi. Nikawasha. Kimya. Nikazima, nikawasha tena. Kimya. Mzee Bashiru akaguna. Klementi, mkaguzi wa mradi, akaomba kamba aifunge mashine aipakie. Machozi ya hasira yakanilengalenga.

Nikakimbilia nyuma ya banda kutazama sola. Paneli zote zilikuwa zimejaa makopa, muhogo uliomenywa ukapasuliwa vizuri, na mama mkwe wangu, Bi Somoe, alikuwa akiyageuza moja moja.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naanika, mwanangu. Hapa pasafi, pana joto, kuku hawafiki. Si mlisema vitu hivi ni vya jua?"

Nilitaka kupiga kelele, kikanitoka kicheko. Tukayakomba makopa, mimi na yeye, tukayatia kwenye kanga yake. Huko mbele mashine ikanguruma, na Klementi akaruka na kamba yake mkononi.

Basi, kazi ikaanza! Tuliilisha gugu bila huruma. Kufika alasiri, lundo lilikuwa limenipita kimo, na maji ya bwawa, ambayo watoto wangu hawakuwahi kuyaona, yalikuwa yanametameta. Klementi akaondoka mikono mitupu.

Lundo lilipoiva, likawa jeusi, tifutifu, nikatia fungu langu la mboji jarubani. Mpunga ulistawi mpaka nikaona fahari kupita pale. Wali wa kwanza nilimpelekea Mzee Bashiru, sinia zima. Alikula akamaliza, akatuma mtu aje aniulize kama ukoko umebaki.