Busu la Mjomba

Siku walipokuja kuniposa, mimi Ernestine nilifungiwa chumbani kama desturi inavyotaka, nami nikabandika sikio kwenye pazia. Baba yangu, tata Kisimba, alikuwa ameapa mbele ya ndugu zake kwamba kijana asiye na mjomba wa kumsemea si mposaji, ni mpita njia. Kabemba wangu ni yatima. Mjomba anaye mmoja tu, yuko kule Musumba, na lori alilopanda lilikuwa limekwama topeni. Baba alikwisha kuahirisha shughuli hiyo. Safari hii mjomba asipoonekana, alisema, huyo Kabemba asikanyage tena uwanja wake.

Basi niliposikia hodi, na nyayo za watu wawili zikiingia, nusura nipige kigelegele peke yangu. Lori limefika! Kisha mjomba akafungua kinywa.

Sauti ile naijua. Mtaa wetu wa Manika mzima unaijua. Katika ukumbi wa video karibu na soko, kila Jumamosi huonyeshwa komedi ya Kifaransa ya tapeli mtanashati, anayeingia nyumba za matajiri kwa tabasamu na kutoka na funguo za gari. Nyuma ya pazia, gizani, huketi René na kipaza sauti, akimsemea tapeli kwa Kiswahili chetu, na kumwongezea uongo pale Mfaransa alipoona unatosha. Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Uso wake hatuujui, sauti tu; baba na ndugu zake hata sauti hawaijui, hawakanyagi ukumbini.

Na sauti hiyo sasa ilikuwa ikimsimulia baba yangu taabu za barabara ya Musumba.

Nilimkasirikia Kabemba kwa kutuletea mjomba wa bandia, hata nikauma kitenge changu, na papo hapo kicheko kikanipanda, maana René alikuwa moto wa kuotea mbali. Alilisukuma lori lile kwa mabega yake mwenyewe. Alimlilia babu yetu ambaye hakuwahi kumwona. Shangazi Odile, ambaye hajacheka tangu afiwe na mume, alicheka mpaka akapaliwa. Baba akaanza kumwita mukwe. Nilichungulia nikaona mwanamume mwembamba, koti limempwaya, anaongea kwa mikono yote miwili. Tumeshinda, nikajiambia.

Ndipo mama akaingia kusalimia.

Kwetu mama wa binti haguswi na watu wa upande wa mume. Wanainama, wanapiga makofi polepole, macho chini. Hiyo ndiyo buko, hata mtoto anaijua. Lakini René alikuwa amenogewa, hakuwa tena Manika, alikuwa ndani ya filamu. Aliinuka, akauchukua mkono wa mama, akaubusu, kama tapeli wake anavyowabusu mabibi wa Paris.

Baba alisimama kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimuuliza Kabemba ni mjomba gani wa Musumba asiyejua buko. Akawaonyesha mlango. Nilitoka chumbani bila kuitwa, desturi ikae pembeni, kwa sababu maisha yangu ndiyo yaliyokuwa yakifukuzwa.

"Baikale," mama akasema, akiwaonyesha viti vyao.

Mama yangu hukaanga bitumbula mlangoni mwa ukumbi ule ule. Hajawahi kuingia ndani, ila kila Jumamosi anauza maandazi yake hayo huku akisikia filamu yote kupitia ukuta. Hofu ilikuwa imenisahaulisha!

"Weye tata," alimwambia René, "sauti yako minaijua tangu mulipoingia. Uko ule muongo wa mu filme. Ku Musumba haukufikaka hata siku moya."

"Ni kweli, mama." Sauti ilikuwa imepungua, imebaki ya mtu wa kawaida. "Huyu mutoto alilia mbele yangu. Na mi pia sina hata ndugu."

Mama aliutazama mkono wake uliobusiwa.

"Mukono wa mama bukwe, mutu haushikake, ila wa mu nyumba yake. Weye unaushika. Basi uko wa hapa. Kabemba akimutesa mutoto wangu, ni weye njo nitaita. Batoto bakizaliwa, ni weye njo utakuya kubabeba. Kukimbia, hapana."

Baba aliuliza, na yule wa Musumba je? Mama akajibu kwamba akifika watakuwa wajomba wawili, kuna ubaya gani. Baba anavijua vita asivyoviweza. Akakiokota kiti chake, akaketi.

Sote tukamgeukia René tusikie atakavyojibu. Akapiga magoti sakafuni, akainamisha macho, akapiga makofi polepole mbele ya mama, na machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola ya koti lile la kuazima.

Kigelegele nilichopiga, nadhani walikisikia mpaka kule mbali Kingamyambo.