Jibu la Valeriani

Valeriani aliangukiwa na gogo mgongoni wakipakia lori la miti, mwaka wa pili wa ndoa yake na Feliciana. Tangu hapo miguu haikufanya kazi tena.

Siku ya kuruhusiwa hospitali, daktari alimweleza faraghani kwamba mbegu zake bado zipo, ila hazitoki zenyewe. Kuna kifaa cha kutetemesha kinachozitoa. Kikishindwa, hutolewa kwa sindano. Akamwandikia rufaa ya Dar es Salaam. Valeriani akaona haya. Ashikweshikwe na wageni, na huku hata chooni anasaidiwa? Feliciana alipomuuliza, alimjibu, "Amesema watoto basi."

Feliciana aliamini. Alilima viazi Mjimwema, pale Njombe, akamgeuza mumewe kitandani asipate vidonda, na kwao Makambako walipomwita arudi angali kijana, alikataa. Ikapita miaka kumi na mitatu.

Mwaka jana walikwenda Makambako, Irine, mdogo wa Feliciana, akibatiza mtoto. Miongoni mwa wageni alikuwapo Basil, fundi redio, naye yuko kwenye kiti cha magurudumu, amempakata binti mdogo.

"Wa kumzaa?" Feliciana akamuuliza.

"Wangu kabisa, dada. Walitoa mbegu kwa kifaa, wakampandikizia mke wangu."

Feliciana akamgeukia mumewe. "Umesikia hayo?"

Valeriani angeweza kujifanya anashangaa. Akashindwa. "Niliambiwa," alisema. "Siku ile ile."

Feliciana alimaliza kugawa chakula, akaosha vyombo, wakarudi Njombe.

Mwezi uliofuata ni yeye aliyesema waende Dar es Salaam. Kifaa kilichukua dakika kumi. Mbegu zilikuwa dhaifu, lakini zilifaa. Kisha daktari akafungua majibu ya Feliciana, aliyekuwa na miaka arobaini na mitano, akawaambia kwa upole kwamba mayai yake yamekaribia kwisha. Wakajaribu mara moja. Haikushika.

"Dakika kumi," Feliciana alisema walipotoka nje. "Mimi ningekushika mkono tu."

Alikwenda kukaa kwa Irine. Valeriani alimpigia simu kila asubuhi kuomba msamaha, naye akawa anapokea na kumsikiliza. Wiki ya sita akarudi na begi lake, akakagua mgongo wa mumewe kama kuna vidonda.

"Nimerudi," alisema. "Kusamehe, sijui."

Valeriani akaitikia kwa kichwa.