Siku Mwatum Aliporudi Majini

Mwatum alikuwa na miaka kumi na mbili mama yake, Bi Mwanawema, alipomwita atoke majini. Ilikuwa pwani ya Vumawimbi, karibu na kwao Makangale, na yeye na wenziwe walikuwa wakishindana kuzamia kijiwe cheupe. Bi Mwanawema alisimama mchangani, kanga kavu mkononi.

"Toka, mwanangu," alisema. "Ushakuwa mkubwa sasa."

Hakumkaripia. Alimfunika ile kanga wakarudi nyumbani, na tangu siku ile Mwatum hakuogelea tena.

Akaolewa, akazaa, akawa mwalimu wa jiografia huko Wete. Alikuwa keshavuka arobaini aliposikia kwamba Vumawimbi patakuwa na mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo: kuogelea, kuendesha baskeli, kisha kukimbia. Yalikuwa ya masafa mafupi, na kila mtu aliruhusiwa. Alijiandikisha kabla hajamwambia yeyote. Mumewe, Abdulsamad, alipoambiwa alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

"Basi mimi n'takushikia mkoba," alisema.

Asubuhi ya mashindano Mwatum alisimama ufukweni na vazi lake la stara, refu hadi kwenye vifundo vya miguu. Wengi wa wenziwe walikuwa vijana wa Unguja na Dar es Salaam, na miwani yao ya majini. Filimbi ilipolia, walimwacha hapo hapo. Maji yalipomzidi kimo alishikwa na hofu, akameza funda moja la chumvi, akataka kugeuka. Lakini mikono ilikuwa ishaanza yenyewe. Aliogelea kitoto, kichwa juu, kama walivyokuwa wakiogelea zamani, na kila alipokata wimbi alihisi wenziwe wa utotoni wako ubavuni: yule aliyehamia Maskati, yule aliyeolewa Mombasa, na Khairiya aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Alipolizunguka boya na kuiona pwani, minazi na mchanga, aliona ileile pwani aliyoitwa atoke.

Alipanda baskeli yake ya kawaida, ya keria na kengele, akaingia njia ya msitu wa Ngezi kuelekea Konde, ambako ndiko wangegeuzia. Msituni kulikuwa baridi, kunanuka majani mabichi. Njia hii ndiyo aliyojifunzia baskeli, mwaka uleule alioachishwa bahari. Kaka yake, Silima, alikuwa na baskeli ya kiume, ndefu, na Mwatum akiiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, mwili umepinda kama kaa. Silima alikimbia nyuma kaishika keria, mpaka siku moja akaiachia bila ya kumwambia.

Alifika Konde mapaja yanamuwaka. Watu walikuwa wamejipanga kandokando ya barabara, na mara alipogeuza, cheni ikachomoka. Akashuka, akaipindua baskeli. Kabla hajaishika cheni, alimwona Silima akija na mkongojo wake. Alianguka kwenye mkarafuu miaka mingi nyuma, na mguu wake haukuwahi kupona vizuri.

"Shikilia pedeli, izungushe taratibu," Silima alisema.

"Kaka, watu washanipita."

"Waache wapite. Wakumbuka n'livyokuwa nikikukimbiza kwenye njia hii?"

"Vipi n'sahau? Ulikuwa na huruma siku hizo."

Silima alicheka. "Huruma gani! Mie n'kitaka kwenda mpirani. Mama ndiye aliyen'tuma."

Mikono ya Mwatum ikasimama kwenye pedeli. "Mama?"

"Mama yetu huyohuyo. Alin'ambia, 'Bahari nimemkataza, na jana kalia mpaka usingizi ukamchukua. Mfunze baskeli. Mtoto asikose vyote.' Tena akanikanya nisikwambie."

Mwatum aliinamia tena pedeli. Siku alipomuosha mama yake kwa mazishi, alimuosha kwa mapenzi, lakini kidonge kidogo cha kinyongo kilikuwa bado kimekaa kooni. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Alin'kanya, nami n'kasahau. Leo nimekuona juu ya baskeli, n'kakumbuka. Haya panda, cheni ishakaa."

Alipanda. Silima akaushika mkongojo kwa mkono mmoja, mwingine akauweka kwenye keria, akamsukuma hatua chache huku akichechemea, watu wakishangilia.

Msituni, wakati wa kurudi, hakukuwa na mtu mbele wala nyuma. Mwatum alilia kwa sauti, huku akiendesha. Akilini alimwona mama yake mlangoni jioni ile, anasikiliza kilio cha mtoto, anafikiri la kufanya. Alitamani angekuwa hai hata kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Mbio za mwisho zilikuwa za ufukweni, na miguu yake ilikuwa mizito kama magogo. Alitembea, akakimbia, akatembea tena. Karibu na mwisho wanawake wa Makangale walikuwa wamekaa kivulini.

"Huyu si Mwatum wa Bi Mwanawema?" mmoja aliuliza.

"Ndiye! Wallahi ndiye!"

Vigelegele vikapanda. Kule Wete alikuwa Mwalimu, au mama wa fulani. Hakuwa ameitwa hivi siku nyingi. Akakimbia mpaka mwisho bila ya kusita tena.

Nyuma yake alikuwepo mtu mmoja tu. Msichana aliyeshinda kwa upande wa wanawake, Yumna, mwanafunzi wa chuo kutoka Unguja, alimletea maji.

"Hongera, mama. Nani alikufunza kuogelea?"

"Hapana aliyenifunza," Mwatum alisema, akihema. "Tulikuwa wengi tu, na bahari iko mlangoni."

Jumatatu alishindwa kupanda ngazi za skuli. Alifundisha amekaa, na kila aliposahau akainuka ghafla na kupiga ukelele, darasa zima lilicheka, naye akicheka nao.