Tepu Haikusogea

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, au ndivyo alivyojidai. Wiki ya tatu sasa alikuwa akimsikia binti yake alfajiri: mlango wa nyuma, kisha nyayo uani, huku na huko. Ukimuuliza, macho makavu: "Nanyoosha miguu tu, baba." Miguu! Dalili ya mvua ni mawingu, na fundi alishaona mawingu ya mwanamume.

Au basi anashona kwa siri. Hilo lilimkera zaidi. Marehemu mzee wake, fundi pia, alikufa mgongo umekakamaa kama ubao, na ukoo mzima ulijua mchawi ni cherehani, kuinama miaka arobaini. Ndiyo maana binti alikatazwa hata kukalia kiti cha mashine. Mdogo wake fundi, mwalimu asiyejua hata kushona kifungo, naye alipokakamaa mgongo na kuleta habari za vipimo vya damu, eti ugonjwa ni wa kurithi, fundi alicheka. Daktari naye anatafuta wateja, alisema.

Siku hiyo alikuwa akimpima binti gauni. Alipima kama mzee wake alivyomfundisha: kifua kikiwa kimetulia, halafu "vuta pumzi", ili nguo isije ikabana. Tepu haikusogea.

"Vuta vizuri, acha mzaha."

"Nimevuta, baba."

Akapima tena. Akaikumbuka suti ya mwisho aliyompima mzee: kifua kile kile kisichofunguka. Akaishusha tepu.

"Uani unafanya nini?"

"Natembea. Naamka mgongo umekaza, nikitembea unaachia. Nikilala ndiyo unazidi." Binti akatazama chini. "Ningekwambia, ungesema nashona kwa siri. Sijawahi kuigusa hiyo mashine."

Alimwamini, na kumwamini kulimuuma kuliko shaka zote. Akampigia mwalimu simu, majivuno yamemwisha. Mwalimu akarudia maneno ya daktari: wengi wanaobeba urithi huo hawaugui kamwe, ila wanaweza kumpa mtoto. Dawa ipo, wawahi.

Miaka yote amemlinda mtoto na mashine, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Kesho twende hospitali," alimwambia binti. "Na mimi wanipime."

"Kwani na wewe unaumwa?"

"Siumwi popote. Naogopa ni mimi niliyekupa."

Akavuta kiti cha mashine, akamkalisha.