Mgeni Yuko Njiani

Mpishi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anasugua masizi ya sufuria kwa jivu na kipande cha gunia, Chiriku na Mrefu walipopiga hodi. Aliwakaribisha, akaendelea kusugua. Sufuria ukiiachia njiani, masizi yanarudi na ndugu zao.

"Pole na kazi, shemeji," alisema Chiriku. Ni mwalimu mstaafu sasa, lakini chuoni ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kikundi chao cha kuimba, na jina alilipata hukohuko.

"Kazi haiui. Wanaoua ni wanaoigawa."

Mrefu, aliyekuwa sauti ya tatu, aligeuza ndoo akaikalia. "Tumetoka chuoni. Jumamosi wana jubilei. Sherehe ikiisha tu, mafundi wanaziba dari ya ukumbi kwa mbao za jipsamu. Wanasema sauti ya mkeo inawasumbua wanaofanya mitihani."

Mpishi akaacha kusugua.

Habari ya sauti ile ilikuwa inajulikana na kila mtu. Toka enzi za kikundi chao, sauti ya pili, ya mke wa Mpishi, ilibaki ukumbini, juu pale penye mbao, ikishika noti moja mchana kutwa. Wanachuo waliizoea. Wenye masikio mepesi waliweka pamba. Mkuu mmoja wa chuo alinyunyiza dawa ya popo, ikashindikana, akahamishwa.

Walikuwa waimbaji wanne. Watatu walikuwa wanasomea ualimu, na wa nne alikuwa Mpishi, aliyetolewa jikoni kwa sababu hakuna mwanachuo aliyeweza kushuka mpaka sauti ya nne. Hawakuwa na kinanda wala ngoma. Walichokuwa nacho ni vifua vyao na sheria moja: mmoja akivuta pumzi wengine wanashikilia, na hakuna anayeachia noti kabla hajapokewa. Kwa sheria hiyo Mpishi alimpenda sauti ya pili. Alijua atapumua lini kabla mwenyewe hajajua.

Ikaja siku ya mgeni rasmi. Mkuu wa wakati ule aliagiza mgeni aingie akute wimbo unaendelea. Mgeni hakutokea. Tuelewane hapa: wakubwa hawachelewi, ni sisi tunaowahi mno. Noti ya mwisho ilishikwa toka asubuhi. Mkuu akamtoa Mpishi akapashe chakula. Chiriku akazimia, Mrefu akambeba mgongoni kumpeleka nje. Sauti ya pili akabaki peke yake, na mgeni hakuja kabisa. Jioni alimfuata Mpishi jikoni akiwa mzima, ila sauti kaiacha ukumbini.

Wakaoana hivyo. Alizaa, akalea, akagombana na majirani, yote kwa kunong'ona na kupiga makofi. Mpishi alidhani mkewe alibaki jukwaani siku ile kwa kupenda sifa. Akimuuliza, mke alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

Mwaka jana alilazwa, kifua. Ilikuwa mchana, wodi imejaa, na wauguzi wote wameitwa kikao kusikiliza hotuba ya mganga mkuu juu ya kuwajali wagonjwa. Pumzi ilipokatika alitaka kuita. Jirani wa kitanda cha pili alikuwa amempa mgongo, na mtu hageuki kwa kitu asichokisikia. Alizikwa hivyohivyo, pungufu.

"Nitaenda kuichukua," alisema Mpishi. "Nikamzikie yote."

"Utaibebea nini? Kikapu?" aliuliza Mrefu.

"Tutampokea noti. Akishapokewa atashuka, sheria anaijua."

"Mimi sauti yangu imebaki ya kuitia kuku," alisema Chiriku.

"Kuku si wanakuja?"

Jumamosi walikuta viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, na jina la Mkuu wa zamani, yule wa siku ya mgeni rasmi, juu ya mlango kwa herufi za shaba. Chini ya jina, upande wa nje, kulikuwa na komeo. Mkuu wa zamani mwenyewe alikaa safu ya mbele kwenye sofa iliyotolewa ofisini, maji yake pembeni. Mkuu mpya aliwapa nafasi kati ya hotuba na chakula, akawaomba wasiwacheleweshe watu.

Walipanda jukwaani, wakasimama pale pa zamani, wakaacha pengo kati ya Chiriku na Mpishi. Mrefu alianza anatetemeka kama gari lililokosa mafuta. Chiriku akateleza, akarudi. Mpishi alishuka polepole mpaka chini kabisa, akakuta bado pako. Noti ikakaa.

Huko juu sauti ikasikia imepokewa. Ikaachia, ikavuta pumzi.

Mapazia yaliingia ndani, ratiba zikapaa kutoka mezani, kofia ya Mkuu mpya ikamtoka kichwani. Ilikuwa pumzi ya miaka mingi, kwa hiyo watu walishika vitu vyao wakangoja iishe.

Kisha sauti ikasema, sauti ya msichana, imekauka: "Mkuu, naomba nitoke. Kifua kinaniuma. Nimegonga mlango, mmeufunga kwa nje."

Chiriku aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mrefu alitazama mlango, akashindwa kuacha kuutazama. Mpishi alihisi kama mtu kammwagia maji ya barafu ndani ya shati, kisha akaondoka na shati. Kumbe miaka yote ile haikuwa sifa. Lilikuwa komeo.

Mkuu wa zamani hakugeuza hata shingo. Aliinua kidole kimoja, kama alivyozoea.

"Bado kidogo. Mgeni yuko njiani."

"Sawa, Mkuu," ilisema sauti, ikarudi kwenye noti yake.

Watu walipiga makofi. Mkuu mpya akamshukuru mzee kwa kuendeleza nidhamu ya chuo, akakaribisha wote chakulani.

Mpishi hakwenda. Alifungua milango yote miwili, akaizuia kwa viti. Akawaambia wenzake washike noti, wakaishika huku machozi yanawatiririka, naye akasimama chini ya dari.

"Toka, mama. Pako wazi. Hakuna mgeni."

"Ni wewe, Mpishi wangu?" Sauti ilishuka kidogo. "Rudi jikoni haraka, wasije wakakufukuza kazi. Mkuu amesemaje?"

Mpishi alitazama nje. Mkuu wa zamani alikuwa mbele kabisa ya foleni, kashikiwa sahani ya pili.

"Amesema utoke."

Sauti ikacheka, kicheko ambacho Mpishi hakuwa amekisikia toka ujana wao. "Muongo wewe! Yule hajawahi kusema hivyo."

Mafundi wa jipsamu waliingiza ngazi. Walimwomba Mpishi asogee kidogo, akasogea, wakapandisha ubao wa kwanza upande wa jukwaa. Chiriku alikuwa ameishiwa, Mrefu pia. Mpishi akaweka mkono kifuani, akashuka mpaka chini, akaishika noti, ili mkewe angalau apumue.