Mlio Mrefu wa Kopmur

Nenrit alimpiga Ponfa na kufuli la mlango, lile zito la shaba, likampata mdomoni sawasawa. Jino likaruka. Ponfa akashika taya kwa mikono yote miwili, damu ikamchuruzika hadi kwenye viwiko, na kabla hajajua amekosa nini akapigwa la pili.

"Nani alikwambia uufute msingi wa Kopmur?" Nenrit alifoka. "Nani, Ponfa? Sema!"

"Diski ilijaa!" Maneno yalimtoka pamoja na mate mekundu. "Nilidhani vijiji vyote vimeshahama!"

"Ulidhani! Mama yangu yuko Kopmur, mbwa wewe! Yilret yuko Kopmur!"

Akamkamata ukosi wa shati, akamburuta, akamsukuma nje na kubamiza mlango. Komeo likaingia. Wallahi, mwanamke yule hakuwa na mwili mkubwa, lakini siku hiyo hata fahali angemtupa nje.

Mama yake alikuwa ametoka kumpigia simu muda si mrefu. "Nenrit, wavamizi wamefika mashamba ya viazi. Wamemkata Dakwal, nimemwona kwa macho yangu, wamemkata kama wanakata mahindi. Mbona king'ora chenu hakilii? Watu wako mashambani, hawajui lolote. Mimi nimemshika Yilret mkono, twende wapi?" Kisha mlipuko, na simu ikakatika. Nenrit alipiga tena na tena, mtandao ukamgomea. Yilret alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, na mama na mtoto huyo ndio ukoo wote aliobakiwa nao duniani.

King'ora hakikulia kwa sababu hakikuwa na pa kusimama. Ofisi yao ndogo, huku kwetu uwandani kusini mwa mji wa Jos, Naijeria, ilikuwa na seva moja tu iliyobeba ving'ora vya vijiji vyote. Ndani ya seva kila kijiji kilipewa chumba chake, chenye namba za simu za watu wake na king'ora chake, ili cha huyu kikiharibika kisimharibie yule. Ila vyumba hivyo havina sakafu. Vyote vinasimama juu ya msingi mmoja, mfumo mtupu unaoandaliwa mara moja: unapakuliwa, unakaguliwa muhuri wake, ile alama ya kuthibitisha kuwa faili limefika zima, unafunguliwa, unazibwa nyufa, ndipo vyumba vinajengwa juu yake. Wiki iliyopita Nenrit aliandaa toleo jipya la msingi na vijiji vikahamishiwa huko. Kopmur peke yake kilibaki kwenye toleo la zamani, maana king'ora chake ni kikongwe, hakielewani na jipya. Ponfa akaona la zamani limekaa tu linakula nafasi. Akalifuta, akaenda kula mihogo.

Sasa kazi ilikuwa moja, kuuandaa upya msingi wa zamani, kufa au kupona.

Akaketi. Damu ya Ponfa ilikuwa imemganda vidoleni na kila kibonye alichogusa kilibaki na doa. Faili likaanza kushuka. Nje jenereta lilinguruma, na Ponfa akaanza kuupiga mlango kwa ngumi.

"Gonga hadi uchoke!" Nenrit alimpigia kelele. "Nikitoka hapa nitakumalizia meno yaliyobaki!"

Ponfa alizidi kugonga. Alikuwa akisema kitu, lakini taya lilikuwa limeshavimba na jenereta liko pale pale mlangoni, hakuna lililosikika. Nenrit akajua tu kuwa anaomba msamaha, na msamaha siku hiyo haukuwepo.

Faili likafika. Akakagua muhuri. Muhuri haukulingana.

Hapo ndipo angeweza kuiruka hatua hiyo. Mwingine angesema potelea mbali, fungua hivyo hivyo, watu wanakufa. Nenrit aliuma midomo mpaka ikatoka damu. Msingi wenye kasoro ungemuangukia katikati ya mlio, na asingepata muda wa kujaribu tena. Akalifuta faili, akaanza upya, huku akilia na kutukana, akimtukana Ponfa, akiwatukana wavamizi na waliowazaa, akimtukana aliyevumbua mtandao. Simu ikaita. Ilikuwa namba ya jirani yao wa Kopmur, Mafwil, lakini Mafwil hakusema neno. Zilisikika nyayo, mbuzi wakilia, mwanamke anapiga yowe, "Msimchome, jamani, mmeshamuua, msimchome!" Halafu mtu akacheka karibu kabisa na simu, na ikazimwa.

Muhuri wa pili ukalingana. Akafungua, akaziba nyufa, akakiinua chumba cha Kopmur na kukiweka juu ya msingi. Kikasimama. Akabonyeza amri ya hatari.

Kilichobaki kiliamuliwa na chumba chenyewe. Hapo awali mtu ndiye aliyekuwa akichagua aina ya mlio, na kwa taharuki alichagua vibaya, wakafa watu. Tangu hapo uamuzi ulikabidhiwa saa. Kabla ya saa kumi na mbili jioni king'ora hutoa mlio mrefu mmoja, na maana yake ni shuleni, barabarani, kwa sababu askari wapo pale. Ikishafika kumi na mbili askari huondoka, na barabara ile inakuwa ya wavamizi. Hapo hutoka milio mifupi mifupi, maana yake majabalini, jifiche kwenye mawe. Nenrit mwenyewe ndiye aliyewafundisha watoto wa Kopmur. Aliwapanga uwanjani, akawapigia, akawaambia wasimuulize mtu, wasikie na wakimbie.

Dirisha likavunjika. Ponfa aliingia kichwa mbele, vioo vimemchana mikono, na jiwe alilovunjia bado amelishika. Nenrit akaruka na kufuli lake.

"Jaribu! Nisogelee nikuue!"

Ponfa alilitupa jiwe, akapokea kufuli begani bila hata kujikinga, akampiga kikumbo hadi ukutani na kuikamata kibodi. Kwa kidole chenye damu akamwonyesha kwenye kona ya kioo cha kompyuta. Saa kumi na moja na dakika ishirini.

Nenrit akatazama dirishani. Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeshameza jua. Kiza kilikuwa kinaingia.

Mungu wangu. Msingi ukitoka kuandaliwa hauijui Naijeria. Huhesabu saa ya Greenwich, ya Wazungu, saa moja nyuma yetu, mpaka mtu auwekee saa ya hapa. Tangu waanze kazi hiyo, Nenrit ndiye aliyejenga na Ponfa ndiye aliyemalizia, na kumalizia kwenyewe ndiko huko, saa na majina, kabla chumba hakijafunguliwa. Nenrit hakuwahi kukifanya kitu hicho hata mara moja. Hakuwa amesahau, mikono yake haikukijua. Na aliyekijua alikuwa nje mlangoni, akigonga.

Kopmur walikuwa wanasikia mlio mrefu. Saa halisi ilikuwa kumi na mbili na dakika ishirini, askari wameshaondoka, na king'ora kinawaita barabarani.

Ponfa alisahihisha saa, akauzima mlio, akawasha tena. Mifupi mifupi. Hakumtazama Nenrit. Alikaa chini sakafuni akatema damu kwenye shati lake.

Milio mifupi iliwageuza wengi. Wazee, wagonjwa, wenye watoto mgongoni, wote waliokuwa bado hawajafika barabarani waligeuka wakaingia majabalini na wakapona. Waliokwisha kufika ni wale wenye mbio.

Asubuhi Nenrit aliwakuta wamelazwa mbele ya kanisa, wamefunikwa kanga na magunia ya viazi. Mama yake alikuwa hai. Goti lake bovu ndilo lililomchelewesha. Alisimama na fimbo yake pembeni ya kitu kidogo kilichofunikwa blanketi la kijani, na Nenrit alilijua blanketi hilo, maana alilinunua yeye.

Vijana wa kijiji hawakuwa na habari ya msingi wala saa. Walijua tu kuwa king'ora kilichelewa, na kuwa kelele za Nenrit za jana, kwamba Ponfa ndiye aliyefuta, zilisikika mji mzima. Walikwenda kumtoa ofisini. Walikuja naye wamemfunga waya, uso umefura, tairi limeshavishwa shingoni, na mmoja ana dumu la petroli.

"Huyu hapa aliyetuua!" walisema. "Nenrit, dada yetu, umetuokoa. Sema tu neno."

Ponfa alimwangalia. Angeweza kusema. Jana usiku alikuwa na muda wa kutosha kuwaambia wote kuhusu saa, na hakuwaambia.

Nenrit alilitazama lile blanketi, akatazama petroli.

"Mvueni hilo tairi," alisema. "Alifuta, ndiyo. King'ora kikachelewa kwa sababu yake. Lakini mlio mrefu ni wangu. Ilitakiwa mifupi. Nilimpiga, nikamfungia nje, akawa anagonga ili anizuie. Aliyewapeleka barabarani ni mimi."

Kijana wa petroli akaliweka dumu chini polepole, kana kwamba limekuwa la moto.

Mama yake akaja akichechemea. "Rudia," alisema.

"Ni mimi, Mama."

"Nilikuwa nimemshika mkono," mama alisema. "Mlio ukalia. Akaniuliza, 'Bibi, ni shuleni?' Mimi sitaki, goti linauma, nikataka tuingie kwenye mawe yaliyo karibu. Akaniambia, 'Bibi, shangazi alisema tusiulize mtu.' Nikamwachia. Nikamwambia kimbia, mwanangu, kimbia, shangazi yako hakosei."

Fimbo ikapanda. Ilimpata Nenrit shavuni, kisha shingoni, kisha mgongoni alipoinama. Hakuinua hata mkono. Vijana waliokuja kuua mtu walisimama wakiangalia chini. Mama alipiga huku akiita jina la Yilret kila pigo, mpaka fimbo ikavunjika, naye akaendelea na kipande kilichobaki.

Ponfa ndiye aliyekwenda kumzuia, mikono yake bado imefungwa waya. Alijiweka katikati, akapokea mapigo mawili matatu yasiyo yake, mpaka bibi kizee akaishiwa nguvu na kuanguka juu ya blanketi la kijani. Nenrit akatambaa hadi pale. Mama yake akamsukuma kwa kiwiko, asimguse mtoto.